Mapasa Wanapewa Sawa

Mimi ni mtu wa Masisi, wa vilimani. Nilizaliwa katika nyumba ambayo maziwa hayakukosekana, na maharagi yalipikwa kila siku mpaka sisi watoto tukayachukia. Bwana wangu ni mtu wa Walikale, wa msituni. Aliponioa, dada zangu walinicheka wakasema nimeenda kula nyani. Basi nilikula, na ilikuwa tamu, na niliporudi kuwasalimia niliwaambia hivyo usoni mwao. Mimi na bwana wangu tulikaa Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Tulilima mihogo na ndizi, na Mungu akatupa watoto wawili siku moja, wasichana.

Wengine wanasema mapacha. Sisi tunasema mapasa. Mama mukwe aliposikia, alitoka kwao Itebero kwa miguu, akalala njiani mara nne, akafika na matope mpaka magotini. Hata maji ya kunywa hakuyaomba kwanza. Alitaka kunifundisha namna ya kuwalea. Namna yenyewe ilikuwa moja tu: sawa. Ukimpa huyu ndizi, na yule umpe, na kama amelala umuwekee. Huyu akivaa bluu, na yule bluu. Mgeni akimsalimu mmoja amsalimu na mwenzake, la sivyo yule aliyerukwa atakasirika, na mapasa akikasirika anarudi alikotoka. Hata fimbo iligawanywa. Mmoja akivunja sahani, wote wawili walipigwa, na mimi niliyekuwa ninapiga nilijiona mjinga, lakini nilipiga. Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, ninaimba korali tangu usichana, na kwa mambo hayo sikubishana na yule mama hata siku moja. Nani atafanya majaribio kwa watoto wake mwenyewe?

Watu wakaacha jina langu wakaniita Mama Mapasa.

Walikuwa na miaka minne na nusu wakati bunduki ziliporudi Kalembe. Hayo sitayasimulia. Kila mtu wa huku ana yake na zote zinafanana. Tulikimbilia Itebero kwa mama mukwe, bwana wangu amembeba mmoja mgongoni na mimi mwingine, na kwenye kila mto tulibadilishana ili kila mtoto abebwe na baba sawa na anavyobebwa na mama. Mvua ilitunyeshea siku zote. Siku ya pili yule aliyezaliwa wa kwanza alianza kuwaka moto. Vidonge nilivyovifunga kwenye ncha ya kikwembe nilichojifunga kiunoni vilikuwa vimeloa vikawa uji, nikamlambisha ule uji kwa kidole.

Tulipofika Itebero, muganga wa kituo cha afya alimtundikia maji kwenye mkono. Mtoto akafungua macho akaangalia ile mipira ya maji, akaniuliza, "Na dada amepewa?" Muganga alikuwa kijana mwenye roho nzuri. Alikata kipande cha plasta akakibandika kwenye mkono wa yule mzima aliyekuwa amekaa chini ya kitanda, akamwambia, "Na weye njo hii yako." Yule mgonjwa akaridhika akafumba macho. Asubuhi yake alikufa.

Nilifungua kinywa. Ninakumbuka kwamba nilikifungua, kwa sababu mkono wa mama mukwe ulifika pale kabla sauti haijatoka. Mkono ule ulikuwa na harufu ya moshi na mihogo iliyolowekwa. "Usilie," aliniambia. "Mapasa hawaliliwi. Ukimulilia, atamuita mwenzake." Mwinjilisti wa kanisa alikuwa amesimama upande wa pili, naye akaniambia kwa upole, "Mama Mapasa, tujikaze. Mutoto iko kwa Mungu. Ukilia sana, ni kusema hatuamini." Wale wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote. Yeye alimuita mama mukwe mpagani nusu, na mama mukwe alimuita yeye kifaranga. Lakini juu ya kinywa changu walikubaliana, na kinywa kikafungwa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ndizi. Watoto wote, na yule wangu mmoja, walipelekwa mtoni ili wasione. Korali iliimba na mimi niliimba. Niliimba sauti ya kwanza, juu, bila kukatika, na watu walisema huyu mama ana imani. Mpaka leo ninachukia kwamba niliimba.

Yule aliyebaki alirudi kutoka mtoni na kuuliza dada yake ameenda wapi. Koko yake, yaani mama mukwe, alisema, "Ameenda tembea." Mimi nikaona hilo ni jibu la kishenzi. Nikasema, "Ameenda mbinguni, kwa Mungu."

"Kule kuko nini?"

Hapo njo kosa langu lilipoanza, na sikujua kuwa ni kosa. Nilipaswa kujibu kwa maneno machache, kama watu wanavyojibu watoto. Lakini nilikuwa na kilio chote hicho ndani na hakikuwa na pa kutokea, kikatokea kwa njia hiyo. Nikamjengea mbingu. Na kwa kuwa mimi sijafika mbinguni, nikampa Masisi. Nilimwambia kule kuna vilima vya majani mafupi, unaweza kubingirika kutoka juu mpaka chini bila kukutana na mwiba. Kuna ng'ombe wenye pembe ndefu na wapole. Kila mtoto ana kikombe chake cha maziwa, akinywa kinajaa tena. Asubuhi kuna ukungu, halafu jua linatoka na kila kitu kinakuwa kijani. Yeye Masisi hajawahi kuiona. Alizaliwa Kalembe na sasa yuko msituni mahali pa matope. Alinisikiliza na mdomo wazi.

Aliuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata. Na kila mtu alitia chake. Mwinjilisti alimwambia dada yake amepewa nguo nyeupe na viatu, na watu wa kule wanakula meza moja na Mungu. Mama mukwe hakutaka kushindwa. Baada ya siku chache aliacha habari za kutembea, akasema kule msitu uko karibu, na nyama zinakuja zenyewe mpaka mlangoni. Bwana wangu si mtu wa maneno. Aliongeza kitu kimoja tu: "Kule hakuna bunduki." Nilikuwa ninashona ama kumenya mihogo huku ninasimulia, na moyo wangu ulitulia. Ninakiri hilo. Mtoto alifikiri ninamtuliza yeye.

Halafu siku moja alisukuma sahani.

Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, fufu ya mihogo na sombe ya majani yake, bila mafuta, chumvi ikipatikana. Akasukuma ile sahani taratibu, bila hasira, akasema, "Nitakula kule."

Nilidhani ni kudeka. Nilimwambia, "Kula, acha muchezo." Akaniangalia kama mtu mzima anayemuelezea mtoto. "Hapana, Mama. Mapasa wanapewa sawa. Dada amepewa maziwa, amepewa na viatu. Miye munanipa sombe."

Nilizungusha kichwa kumtafuta mama mukwe aniokoe, maana sheria ni yake, naye alikuwa anaangalia moto.

"Yeye mulimupeleka kwa Mungu," mtoto akaendelea. "Miye mumeniacha hapa. Nimekosa nini?"

Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Alikunywa maji, na kwenye maji yale nilitia asali aliyoileta jirani, na alipoonja utamu aliyatema, akataka maji matupu. Siku ya tatu alikuwa anakaa tu mlangoni kama mtu anayengojea pikipiki ipite imchukue. Hakuwa na huzuni. Hilo njo lilinitisha zaidi. Mtoto mwenye huzuni unaweza kumbembeleza, lakini huyu alikuwa na safari yake na alikuwa anajitayarisha.

Nilimpeleka kwa muganga. Alimpima joto, akamshika tumbo, akamwangalia macho na ulimi. "Huyu hana ugonjwa," alisema. "Nitibu nini?" Akatoa biskuti yake mwenyewe mfukoni, na mtoto akaipokea kwa adabu na kumrudishia. Tulipotoka, yule kijana alinifuata nje. "Mama, usingojee sana. Mutoto wa kimo hiki hana akiba."

Mama mukwe alinivuta nyuma ya nyumba. "Sema kweli. Ulilia?"

"Sikulia."

"Mwenzake anamuita. Hawezi kumuita bila kusikia kilio. Ulilia wapi? Mtoni? Shambani?"

Niliapa. Hakuniamini, na kuanzia hapo alinifuata kila nilipokwenda, hata chooni, kusudi macho yangu yabaki makavu.

Mwinjilisti naye alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakakaa kwenye viti vyetu vyote vitatu, na sisi wenye nyumba tukasimama. Alisema wamesali, na Roho amewaonyesha kwamba tufunge chakula siku tatu kwa ajili ya huyu mtoto. Nilimwangalia mpaka akaangalia chini. "Papa," nilimwambia, "mutoto wangu anakataa kula, na weye umekuja kutuambia tusile?" Alieleza kwamba ni wakubwa tu watakaofunga. Nikaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri, wazee wale waliaga haraka. Mtoto alikuwa mlangoni amesikia yote, na nikamuona anafurahi kwamba sasa na wakubwa wanaacha kula.

Bwana wangu aliingia msituni akakaa kutwa na siku ya pili, akarudi na swala mdogo mabegani. Huyu mtoto alipenda nyama kuliko kitu chochote, na harufu ilipoanza kupanda hata majirani walitoka nje. Baba yake alimchagulia ini, akalipuliza lipoe, akapiga magoti mbele yake. Mtoto akageuza uso kwenye ukuta. "Kule nyama iko mingi, Papa. Koko alisema." Bwana wangu aliliweka lile ini kwenye jani akatoka nje akakaa juu ya gogo, mikono imelegea katikati ya magoti. Tumekimbia mara nyingi mimi na yule mwanaume, tumepoteza nyumba, tumepoteza mashamba mawili, na sikuwahi kumuona amekaa hivyo.

Nikajaribu kuibomoa ile mbingu. Nilimwambia ni mbali sana na njia ni mbaya. Akasema, "Dada alifika." Nilimwambia mtu haendi mpaka Mungu amuite. Akasema, "Basi mwambie aniite, weye unamujua." Nilimwambia maziwa ya kule huenda yameisha. Alinitazama kwa huruma, maana mimi mwenyewe nilisema vikombe vinajaa tena.

Na siku ya tano nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilimbana katikati ya magoti, nikamziba pua, na alipofungua mdomo ili apumue nikamsukumia uji. Alikabwa. Akatapika juu ya kikwembe changu uji na maji ya njano, na ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka chini ya mkono wangu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, unakataa niende kwa nini?"

Nilisali siku hiyo lakini ilikuwa ugomvi. Nilimwambia Mungu kwamba nimemsifia nyumba yake mpaka mtoto anataka kuhamia, na kama yeye ni Baba kama wanavyosema, anajua kwamba mwenye nyumba nzuri hawezi kuchukua watoto wote wa jirani. Nilimwambia mmoja anatosha. Nilimwambia wengi tu wanataka kwenda kwake, wazee wenye maumivu, na mimi mwenyewe, achukue hao. Nilitaka kufa, na niliogopa kufa kabla yake nikamuacha, na niliogopa zaidi kubaki baada yake.

Siku ya sita, saa sita ya mchana, jua kali, nilimbeba. Sikuwa nimepanga, ila mama mukwe alikuwa ametoka kidogo kwenda shambani. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu na kichwa chake kililala begani kwangu. Nilizunguka nyumba mpaka kwenye ndizi na kukaa chini kando ya lile tuta la udongo. Majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Yeye alikuwa hajawahi kuambiwa tuta lile ni kitu gani, aliliruka kila siku alipokuwa bado anacheza.

"Dada yako iko humu," nilimwambia.

Aliangalia. "Ulisema iko kwa Mungu."

"Iko kwa Mungu. Na iko humu. Vile inakuwa, sijui. Hata mwinjilisti hajui."

Akashuka kwenye mapaja yangu, akaweka kiganja juu ya udongo. Na mimi nilipouona ule mkono mmoja, mkono ambao ulikuwa na mwenzake, wenye kipimo kile kile na kucha zile zile, kinywa changu kilifunguka na safari hii hakuna aliyewahi kukiziba. Nililia. Nililia kama ng'ombe anavyolia akinyang'anywa ndama, sauti mbaya, kamasi na mate. Nilimuita kwa jina. Nilipiga udongo. Nilisikia mama mukwe anakuja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, anapiga kelele ninyamaze, ninyamaze nisije nikammaliza na huyu. Sikuweza kunyamaza. Alifika, akasimama, halafu akaketi kwenye majani makavu ya ndizi na kujifunika kichwa.

Mtoto alikuwa ananiangalia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuniona hivyo.

"Mama, unalilia nini? Kule si ni kuzuri?"

"Ni kuzuri."

"Basi unalilia nini?"

"Juu dada yako haiko hapa. Ninamutaka hapa. Hata kama hakuna maziwa."

Mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa ukavu na aliulamba. "Na miye nikienda, utalia hivi?"

"Ukienda nitalala hapa chini na sitaamuka."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu hata mama mukwe akafunua kichwa amuone. Kisha akanipangusa uso kwa kile kiganja chenye udongo, akanipaka matope mashavuni, na kusema, "Basi acha. Twende nyumbani."

Alikula mchana ule. Ilikuwa fufu ya jana, baridi, na kidogo tu, lakini hakula peke yake. Alikata tonge akaninyooshea, akangoja nimeze, halafu akakata lake la kimo kile kile. Hivyo mpaka mwisho. Nikielewa ama nisielewe, mwenzake wa mapasa alikuwa amekwisha kuwa mimi.

Sasa ameanza masomo, mwaka wa kwanza, palepale Itebero, kwa sababu Kalembe bado hapajatulia. Ana nguvu, ana kiburi, anagombana na watoto wa watu. Mama mukwe hajanilaumu kwa kile kilio, lakini kila mara mtoto akipata homa ananitupia jicho, na mimi ninapiga magoti usiku mzima, nikijiuliza kama nilimuokoa ama nilimuita mwenzake aje amchukue. Na sheria bado iko, isipokuwa imehamia kwangu. Chakula kikiwa kidogo siwezi kusema nimeshiba ili ale yeye, maana ataacha. Nikivaa kikwembe kichwani, na yeye kitambaa. Nikisema nimechoka, anakaa chini na kuchoka. Nimejifunza kuangalia ninachofanya.

Jumapili iliyopita mwinjilisti alihubiri juu ya mbingu. Alihubiri vizuri, siwezi kumnyima hilo, mpaka wazee wakaanza kupangusa macho. Mwishoni akauliza ni nani kati yetu anayetamani kwenda kukaa na Mungu milele, ainue mkono. Mikono ikainuka kanisa zima. Wangu umekuwa wa kwanza tangu nikiwa msichana, na ulikuwa tayari umeanza kupanda.

Nikasikia macho ya mtoto wangu. Alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto, mkono wake umelala juu ya goti, vidole vimetangulia kunyooka, anangoja wangu.

Nikaurudisha mkono wangu chini, nikaikalia yote miwili kwenye benchi. Na yeye akakunja vidole.

Mwinjilisti aliniona. Baadaye alinisubiri mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeacha imani, na nilimjibu kwamba hapana, na sikumueleza zaidi. Ninaamini kuliko siku zile nilizokuwa ninaimba. Kuna mtoto wangu kule, ana miaka minne na nusu, ananingoja. Na kama anaweza kutuona, basi Jumapili ile aliangalia ile mikono yote iliyoinuliwa, akatafuta wa mama yake, na hakuuona.